Neno "Dhamana" Nililomwambia Rafiki wa Baba

Sina wa kumlaumu. Nilikosa kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu nikakosa tena kwa kuufunga. Usinionee huruma, nisikilize tu. Majina nimeyabadilisha.

Mimi ni binti wa kijiji kimoja karibu na Hewani. Nilikuwa Nairobi nikisomea shahada ya pili, mambo ya hatari za fedha. Yaani kupima mali ya mtu inaweza kupotelea wapi, na aiwekee kinga gani kabla haijapotea. Kijijini hakuna aliyejua hicho ni kitu gani, lakini kanisani waliniombea kwa jina, nami nikajiona mimi ndio mimi!

Mwaka wa tisini na saba mwalimu wetu akatutuma makwetu, tukaangalie watu wasio na benki wanajikinga vipi. Nilifurahi kweli. Mfano nilikuwa nao nyumbani.

Kwetu kando ya mto mbung'o ni wengi, ng'ombe hawadumu. Kwa hiyo ng'ombe wa baba walikaa kwa rafiki yake, Mzee Bule, mfugaji wa Kiorma huko nje ya Garsen. Maziwa akinywa yeye, ndama wakiwa wa baba. Kiangazi kikikaza, Mzee Bule alipitisha mifugo yake shambani kwetu ikanywe mtoni, na hakuondoka bila mahindi. Walianza hivyo kabla sijazaliwa. Baba alimwita "mchungaji wangu", naye akimwita baba "mpishi wangu", basi wanacheka mpaka wanakohoa.

Nikaenda kwa Mzee Bule peke yangu. Alinikaribisha vizuri, chai ya maziwa matupu, akajibu maswali yangu yote akitabasamu. Halafu nikataka kuonyesha usomi.

"Mzee, ng'ombe wa baba wako kwako miaka yote hii. Dhamana yako ni nini?"

Nilimaanisha kitu ambacho mtu huweka ili mali ya mwenzake ikipotea, mwenzake asiumie. Nilikuwa nimefundishwa kwa Kiingereza, na hilo ndilo neno la Kiswahili lililonijia. Lakini Garsen, jamani, dhamana mtu anaijua kituo cha polisi! Ndiyo unayotoa mwanao akishikwa, ili aachiliwe.

Mzee Bule akaweka kikombe chini.

"Dhamana? Mimi nashikwa na polisi? Mimi mwizi?" Akaninyooshea kidole. "Baba yako ndiyo ametuma wewe?"

Nilijua pale pale kwamba ameelewa vingine. Ningesema tu, "La, mzee, nimekosea neno, nisamehe." Lakini ningemwelezaje, na mimi mwenyewe sikuwa na neno lingine? Msomi mzima! Nikaona haya. Nikasema, "Ah, ni mambo ya shule tu, mzee." Nikajitia hamnazo, nikaaga.

Haikupita juma, wanawe wakaleta ng'ombe wote nyumbani kwetu. Wote, pamoja na ndama wao! Hata maji hawakunywa. Mkubwa wao akamwambia baba, "Mzee amesema mali yako hii hapa, angalia kama kuna iliyopungua." Wakaenda zao.

Baba alibaki amesimama tu pale uani.

"Bule amepatwa na nini?" akaniuliza. "Si ulikuwa kwake juzi, mwanangu?"

"Labda malisho yamepungua, baba."

Uongo mtupu! Nilijiambia nitamweleza nikimaliza kuandika kazi yangu ya chuo. Nikarudi Nairobi. Baba akatuma salamu kwa Mzee Bule, hazikujibiwa. Akatuma mahindi, yakarudishwa. Kaka yangu alipokuja Nairobi aliniambia, "Baba siku hizi haongei, anashinda amekaa tu." Nikasema pole, nikabadilisha mazungumzo.

Mara Elnino hiyo! Mto ukajaa, barabara zikakatika, maji yakaingia mpaka shambani. Ng'ombe wa baba wakafa, wengine kwa maji, wengine kwa ugonjwa. Labda wangekufa hata kwa Mzee Bule, sijui, maana huko nako homa iliingia kwenye mifugo. Na haikuishia kwa mifugo. Ilimchukua Mzee Bule mwenyewe.

Njia zilipofunguka nikaja nyumbani, tukaenda na baba kutoa pole. Mjane wake, Mama Amina, alitupokea kwa heshima. Tulipokaa akamwambia baba, "Mzee, marehemu alikuwa anauliza mpaka mwisho. Wewe ulimwona akiiba nini?"

Baba akanigeukia. Nikaona ameelewa yote. Nikangoja anitaje, na haki ya Mungu angenitaja ningeshukuru.

Hakunitaja. Alimwambia Mama Amina, "Nilikosea mimi. Nilisema neno baya juu ya rafiki yangu. Nisameheni."

Na mimi nikafanya nini? Nikainamisha kichwa kama anayelilia marehemu! Wale wana wa marehemu, waliokuwa wamekaa nasi, waliinuka wakatoka nje.

Shahada niliipata. Baba alikuja mahafali na koti la kuazima, akapiga makofi kuliko wote. Hajawahi kuniuliza. Wala sijamwambia.

Nyinyi mnaosoma huko vyuoni, mkirudi makwenu msione haya kusema hamjui neno. Na ukishamuumiza mtu, rudi siku ile ile, angali anasikia. Mimi nilingoja. Sasa baba yangu akipita sokoni Garsen, wapo wasiomwitikia salamu, wanasema ndiye yule aliyemwita rafiki yake mwizi. Mimi nikija nyuma yake, hao hao wananipisha: "Profesa, karibu!"

Nami naitika.