Mtu wa Kushuka Mwisho

Kwa miaka ishirini na sita Gebhard Plattner alikuwa mtu wa mwisho kushuka mlimani. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Saa kumi jioni, lifti ya viti ikisimama na wageni wakianza kuvua buti, yeye alibaki kileleni peke yake, akafanya ishara ya msalaba, kisha akashuka polepole kwa ubao wake wa theluji akihakikisha hakuna aliyesahaulika kwenye theluji.

Kule kijijini Innerfeld alikuwa wa kwanza kuteleza kwa ubao mmoja, enzi ambazo wazee wa ski, walioteleza kwa mbao mbili, walimwita mfagiaji, na padre mwenyewe alimwuliza kama ski ya pili ameiuza. Lakini alifahamika zaidi kwa namna alivyowaita waliobaki nyuma. Wenzake waliita huku wanateleza. Gebhard alisimama kwenye kila nguzo ya kuonyesha njia, akaita mara moja, halafu akanyamaza kwa urefu wa Salamu Maria moja, akiisali moyoni mpaka Amina. Ndipo akaenda nguzo ya pili.

"Mtu aliyeumia hana pumzi ya kukujibu papo hapo," aliwaambia waliokuja kujifunza kazi. "Mpe nafasi."

Kila mwaka, Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, mwanzoni mwa Februari, aliomba ruhusa akapanda na rafiki zake watatu wa tangu shuleni: Kilian fundi wa mapaa, Roswitha dereva wa basi la shule, na Ambros mwokaji mikate, aliyemwoa Walburga, dada yake Gebhard. Walikuwa wameshapita miaka hamsini wote, magoti yakilia kama bawaba, lakini siku hiyo hawakuikosa.

Mwaka ule Walburga aliwafungia mkate na nyama ya kukaushwa, akamshika kaka yake mkono mlangoni, akimwonyesha Ambros kwa kidevu.

"Huyu nirudishie mzima. Kesho ana mikate ya ubatizo."

"Nisiporudi mimi huulizi?"

"Wewe hata shetani atakurudisha. Unasali mno."

Adhuhuri upepo ulibadilika. Walipotoka kwenye lifti kileleni, mlima haukuwepo tena. Chini palikuwa peupe, juu peupe, na theluji ilipita ubavuni kama unga unaomwagwa kutoka guniani. Gebhard akasema washuke mara moja mpaka kibanda cha malishoni, wakanywe supu, wangoje. Akarudi nyuma kushika nafasi yake.

"Aa, leo hauko kazini, shemeji," Ambros akamzuia. "Kila mwaka unatufuata mgongoni kama askari wa magereza. Tangulia, na sisi tukuone unavyoanguka."

"Nikitangulia, wewe atakuokota nani?"

"Mimi? Nimeshaoka mikate mia mbili kabla wewe hujafungua jicho!"

"Mpisheni," Roswitha akacheka. "Maskini, hajawahi kuona njia bila migongo yetu."

Gebhard naye akacheka, akatangulia.

Aliteleza akiweka nguzo za upande wa kulia, zile zenye kichwa kirefu cha rangi ya chungwa, karibu na bega lake. Alifika kibandani. Akaja Roswitha, ndevu za barafu zimeota kwenye shali yake. Akaja Kilian. Supu ya madonge ya jibini ikaletwa, bakuli nne.

"Anakaza mkanda wa ubao," Kilian alisema. "Yule na mkanda wake ni kama mtoto na kamba ya kiatu."

Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Gebhard akapiga simu ya Ambros, nayo ikalia mfukoni mwa Kilian.

"Zipu ya mfuko wake imeharibika," Kilian akasema, rangi ikimtoka usoni. "Alinipa nimshikie."

Hakuna aliyetania tena. Wote waliijua ile sehemu tambarare juu ya kibanda, na bonde la kijito kilichofunikwa na theluji upande wake wa kushoto. Gebhard akawapigia wenzake wa kazini. Wakamwambia lifti imefungwa kwa upepo, gari la theluji la minyororo litachukua nusu saa. Akavaa glavu.

"Tunakuja na wewe," Roswitha akainuka.

"Mkija nitakuwa na watatu wa kutafuta. Kaeni. Akiingia hapa, mpigieni kelele mpaka nisikie."

Alipanda kwa miguu, ubao mgongoni, mkono mmoja ukigusa nguzo kabla hajaiacha. Alisimama, akaita, akanyamaza kwa Salamu Maria moja. Nguzo ya pili, ya tatu. Muda wote ule alisikia sauti ya dada yake: nirudishie. Chini kijijini, Walburga alikuwa ameona wingu linameza mlima, akawasha dirishani ule mshumaa mweusi wa dhoruba, uliobarikiwa siku ya sikukuu, kama mama yao alivyofanya.

Kwenye nguzo ya tisa alitamani kukatiza sala akimbie. Alipofika kwenye "saa ya kufa kwetu", moyo ulikataa. Alisimama hivyo hivyo, theluji ikimjaa shingoni, akajilazimisha amalize. Kabla ya Amina, upande wa bonde la kijito, upepo ulipokata kidogo, akasikia mtu anautukana ubao.

"Ambros! Usisogee!"

"Shemeji? Mbona unapanda? Mimi kibanda nimeshakipita zamani, ndiyo nakata kushoto nirudi!"

Gebhard alimfikia, akamkamata mkanda wa suruali. Hatua kumi mbele yao theluji ilikatika ghafla, na chini maji yalisikika.

"Umepita wapi, wewe? Shimo la matako yako lile pale. Hujasogea mita ishirini."

Ambros alikuwa amekaa kukaza mkanda. Aliposimama aliona theluji inakimbia chini ya miguu, akadhani anateleza, kumbe ni upepo tu unaipeperusha. Alijaribu kufunga breki akiwa amesimama, akaanguka mara tatu. Sasa alitazama bonde.

"Usimwambie Walburga," alisema.

"Namwambia kabla sijavua buti."

Na kweli alimwambia, yote, mlangoni, barafu ikimdondoka. Akaongeza ambalo hakuulizwa: "Nilitangulia, dada. Walinichokoza nikatangulia. Nisamehe." Walburga akamtazama mumewe, akauzima mshumaa kwa vidole, akakata mkate.

Gebhard aliishi miaka saba zaidi na hakutangulia tena, hata kanisani. Oktoba iliyopita moyo wake ulisimama akipasua kuni, Mungu amlaze pema.

Februari hii wale watatu walipanda bila yeye. Hali ya hewa ilikuwa mbaya kidogo. Kileleni Kilian alitazama nyuma kwa mazoea, Roswitha pia. Ambros, amesimama nyuma yao kwenye nguzo ya kwanza, akawapungia mkono.

"Nendeni. Nipo."

Kibandani bakuli tatu zilikaa mezani mpaka supu ikashika ngozi. Hakuna aliyeinua kijiko, na hakuna aliyetoka kumwita. Walijua nguzo ziko ngapi, na Salamu Maria moja ina urefu gani.