Mama Upawa Hapiki Leo

Mama alitangaza mapema, kabla watu hawajaanza kuulizana Krismasi tunakula kwa nani. Alisema tunakula kwetu, ila yeye hapiki. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni, simu iko begani imebanwa na shavu.

"Njooni wote," alimwambia mjomba. "Lakini kila mtu aje na kitu kilichoiva. Umenisikia? Kitu cha kuweka mezani na kula. Mimi jiko siligusi."

Simu ya mama imeharibika, anayepiga anasikika nyumba nzima. Mjomba alisema, "Sawa, dada," kwa ile sauti ya mtu anayekubali huku anafanya mambo mengine.

Mama ni mpishi wa hospitali. Wagonjwa walimpa jina la Mama Upawa, na jina likamfuata mpaka mtaani. Hata bibi aliyemzaa humwita hivyo akitaka kumtania. Anatoka nyumbani giza halijaisha, anasimama mbele ya masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Kuna chakula cha wasiotakiwa chumvi, cha wasiotakiwa mafuta, cha wasio na meno, na ole wako uvichanganye. Kisha anarudi nyumbani anatupikia sisi. Ukimkuta amekaa, ujue anachambua mchele.

Sikukuu ndiyo mbaya zaidi. Krismasi zote ninazozikumbuka, mama hayupo mezani. Yupo mlangoni pa jiko, kitambaa begani, anauliza nani hajapata. Tukishashiba, yeye hula amesimama, kwa mkono, kile kilichoshika chini ya sufuria. Mwaka jana mjomba alitupiga picha kwa simu. Watu wote wapo, wamejaa tele, na pembeni kabisa kuna kiwiko. Hicho kiwiko ndiye mama.

Kwa hiyo safari hii alitaka kitu kimoja tu, kukaa. Akae mwanzo mpaka mwisho, ale na wenzake, asinyanyuke. Kiti alikichagua mwenyewe, kile chenye mikono kilicho karibu na dirisha, akakitandika kitenge tangu asubuhi ili mtu asijisahau.

Na kwa sababu anajijua, alifanya jambo jingine. Siku iliyotangulia alichemsha mayai, akazima jiko, akauchomoa mtungi wa gesi kwenye jiko na kuniambia niupeleke kwa fundi viatu, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Wake ulikuwa umeisha.

"Mwambie autumie mpaka sikukuu ipite."

Nikamuuliza, na sisi?

"Sisi tuna mikate."

Kweli mikate ilikuwepo. Asubuhi ya Krismasi tulipanga meza mimi na yeye: mikate imekatwa, mayai, matango, nyanya, siagi ya karanga, tikiti maji. Vyote vya kisu na sahani tu. Katikati tuliacha nafasi ya kuku wa mjomba na viazi vya kukaanga ambavyo bibi aliahidi. Mama aliipima nafasi hiyo kwa macho, akasogeza tikiti kidogo, akaridhika.

Mjomba ni mpaka rangi, kucha zake zina rangi za nyumba za watu. Alikuja na mkewe, ambaye ni msusi, na mapacha wao ambao bado hawajaanza shule. Bibi walimpitia njiani. Kwa upande wetu alikuwepo mdogo wangu, tunamwita Kifaru kwa sababu hutembea ameinamisha kichwa na hana breki.

Mjomba aliweka mfuko palepale katikati ya meza. Ulilia kama tofali. Mama akaufungua. Ndani kulikuwa na kuku wawili wameganda, wametoka kwenye friza la duka asubuhi hiyohiyo, weupe kwa barafu.

Mama aliusogeza pembeni. Akafungua mfuko wa bibi. Viazi vibichi, vingine bado vina udongo.

"Hivi ni nini, mama?"

"Viazi," bibi akasema. "Umesahau viazi vilivyo?"

"Naviona. Nauliza mbona vibichi."

"Si uvipike."

Msusi alikuwa amechuchumaa anawavua mapacha viatu. Aliviinamia viatu vile kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

Mama akamgeukia mjomba. "Nilikwambia nini kwenye simu?"

"Dada, kwani hawa kuku wana kosa gani? Nimewachagua mwenyewe."

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema vilivyoiva."

"Hawa wameiva?"

"Wataiva," mjomba akasema, akajaribu kucheka. Aliona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Wakati wanabishana, pacha mmoja alimvuta kuku chini na kugundua kwamba anateleza vizuri kwenye sakafu. Alimsukuma kwa mikono miwili akiunguruma kama gari. Mwenzake akamchukua kuku wa pili. Kifaru naye, kichwa chini, akaingia katikati yao. Palitokea ajali, vilio vitatu kwa pamoja, na maji ya barafu sakafu nzima. Nilienda kuchukua tambara.

"Washa jiko, Mama Upawa, acha maneno," bibi akasema. "Watoto wana njaa."

"Jiko hilo hapo. Mtungi haupo."

Mjomba aliinama kuchungulia chini ya meza ya jikoni kana kwamba mama anaweza kumdanganya. "Umeenda wapi?"

"Umesafiri."

Ikabidi niseme mimi uko wapi. Mjomba alivuka ua, akakaa huko kidogo, akarudi mikono mitupu. Fundi viatu alikuwa amebandika maharage, na maharage yamefika pabaya, ukiyatoa sasa hayaivi tena milele. Alisema tukitaka tukapike kwake akimaliza. Jiko ni la moto mmoja.

Bibi alianza kueleza kwamba zamani maharage yalikuwa yakipikwa kwa namna nyingine. Mapacha walikuwa wameshaanza kula nyanya na kurudisha mezani zilizoumwa. Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa ameegemea meza, uso umekasirika kabisa, anamsikiliza bibi, na mikono yake ilikuwa inamenya kiazi. Ganda lilishuka refu, jembamba, bila kukatika. Kilikuwa kiazi cha pili. Cha kwanza kilishalala uchi pembeni.

Aliona namtazama, akaangalia mikono yake. Akaweka kisu chini kwa kishindo mpaka mayai yakaruka.

"Hebu nielezeni," alisema. "Nimeomba siku moja. Sikuomba nguo, sikuomba kusafirishwa. Nimeomba mniletee kipande cha kuku kilichoiva nikae pale kwenye kile kiti nikile. Kuna ugumu gani hapo?"

Mjomba aliangalia kucha zake. Msusi ndiye aliyejibu.

"Wifi, usimlaumu kaka yako. Mimi ndiye niliyemwambia achukue wabichi."

"Kwa nini?"

"Nikuletee wewe kuku niliyempika mimi?"

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Ile Krismasi nilipoleta wali," msusi akasema. "Ulionja kijiko kimoja, ukasema huu hospitali tungempa mgonjwa asiye na meno. Watu walicheka. Mama hapa akapaliwa."

"Nilipaliwa kweli," bibi akasema. "Nikapigwa mgongo."

"Na mimi nilicheka. Lakini tangu siku hiyo mbele yako sipiki hata chai. Nikasema kuku wa kununua nao ataulizwa nani kamchoma hivi. Bora mwenyewe upike utakavyo."

"Ulikuwa utani, wifi."

"Najua."

Msusi akajifunga kitenge kiunoni, akaokota kuku mmoja kutoka chini ya kochi, akakusanya viazi, akamwambia mumewe abebe mafuta, waende kwa fundi viatu, maharage yake yatakuwa yameiva.

"Wewe kaa," alimwambia mama. "Si ulitaka kukaa? Kaa."

Mama akakaa. Lakini hakukaa kama mtu anayepumzika. Alikaa ukingoni, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Mimi niligawa mikate na mayai. Mapacha walitaka weupe tu, Kifaru anapenda kiini tu, kwa hiyo hapo angalau hapakuwa na vita. Kifaru alipanda mapajani kwa mama na kiini chake, akakifinyanga juu ya gauni lake la sikukuu.

Dirisha lilikuwa wazi na mlango wa fundi viatu uko mkabala nalo. Mara tukasikia mafuta yanalipuka huko, paa, paa, na sauti ya mjomba ikisema rudi nyuma.

"Amemtia na barafu yake," mama akasema. Vidole vyake vilishika mkono wa kiti.

"Nyamaza," bibi akamwambia.

"Mafuta yamekuwa moto mno. Nasikia."

"Usisikie."

Sahani ya kwanza ilikuja mapema kuliko kawaida. Kuku alikuwa mweusi mzuri kwa nje. Msusi aliiweka mbele ya mama, akarudi nyuma, akasimama na mikono imeshikana. Wote tulitazama mdomo wa mama. Kabla hajagusa, pacha mmoja alishalivuta paja na kulipasua.

"Shangazi," akasema, "huyu ana damu."

Mama aliliangalia paja, akamwangalia mtoto, akalichukua kutoka mkononi mwake taratibu.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "mfupani bado. Ningekuwa peke yangu ningekula. Watoto hawawezi."

"Basi njoo upike mwenyewe."

Nilidhani hapo ndipo atanyanyuka. Alishakanyaga, magoti yalishanyooka nusu, Kifaru akaanza kuteleza. Kisha akarudi chini.

"Siji. Mkatekate kuku vipande vidogo, tia maji, funika. Moto mdogo. Utaweza."

Msusi alichukua sahani akaenda. Haikupita muda akatokea kwenye mlango wa fundi viatu. "Maji kiasi gani?"

"Yamfikie nusu," mama akajibu kupitia dirisha.

"Nifunue?"

"Usifunue."

"Na viazi?"

Na viazi. Na chumvi. Na mfuniko haukai vizuri. Mama alikuwa amekaa, ndiyo, mgongo uko kwenye kiti, lakini alikuwa anapika kwa mdomo, na wapita njia wanageuka. Mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Kila aliponyanyua kipande cha mkate, aliitwa. Kipande kile kilikauka mkononi mwake. Bibi alikuwa anasinzia na kuamka kusema kwamba yeye tangu mwanzo alitaka wapike.

Kuku alipoiva kweli, mapacha walikuwa wamelala chini ya meza na tikiti limebaki maganda. Sebule ilinuka maji ya kuku na mayai. Msusi aliingia na sahani kubwa, mjomba nyuma yake na viazi ambavyo nusu vilikuwa vimepondeka. Tulikula. Njaa ilikuwa imetushika vizuri. Mama alitafuna polepole, kichwa chini, na nilijua anajizuia asikosoe.

Nilipoinua macho, msusi alikuwa mlangoni. Kitambaa begani, nywele zimejaa mvuke, mafuta yamemchoma mkononi. Alikuwa ananyofoa ukoko wa kiazi chini ya sufuria na kuutia mdomoni.

"Nani hajapata?" akauliza.

Mama aliacha kutafuna. "Wewe," alisema. "Hebu njoo ukae."

"Nitakaa."

"Nimesema kaa. Hiyo nitakaa naijua mimi."

Viti vilikuwa vimekwisha. Mama akajisogeza, akampisha upande mmoja wa kile kiti chake, na msusi akajibana hapo. Kiti ni chembamba, na wote wawili si watu wadogo. Mikono ya kiti ilitoa mlio. Mjomba, ambaye siku nzima hakuwa amefanya jambo la maana, akatoa simu akapiga picha.

Safari hii mama yupo, uso mzima, lakini mdomo uko wazi. Ukiniuliza nitakwambia alikuwa anasema chumvi imezidi. Msusi yuko ubavuni pake, anamwangalia kwa jicho la kando, na alichokuwa anasema yeye ni, "Nilijua tu."

Walipokuwa wanatafuta viatu vya mapacha ili waondoke, fundi viatu aliuleta mtungi, na bakuli la maharage juu yake kwa heshima. Mama aliupokea mlangoni. Akauinua kwa mkono mmoja. Akautikisa.

"Mwepesi," alisema.

Fundi viatu akasema wamepika sana. Mjomba akainama haraka chini ya meza, akasema kiatu kimoja hakionekani. Katika kutafuta, kuku wa pili tulimkuta nyuma ya kochi, amelainika, amelala kwenye dimbwi lake.

"Na kesho niko zamu ya asubuhi," mama akasema, bila kumwambia mtu yeyote. Alirudi kwenye kiti chake akiwa na mtungi mkononi, akakaa, akauweka mapajani pale alipokuwa Kifaru. Hakuna aliyethubutu kumwomba anyanyuke.