Preamp ya mic niliyounda Kibera, na jembe la mwisho la Baba Nekesa

Wakuu wa jukwaa, niaje nyote. Leo naleta kitu kilichonitokea mimi mwenyewe, bila chumvi wala pilipili. Ni kirefu kidogo, vuta kiti.

Mimi ni fundi wa amplifaya. Kibanda changu kiko Kibera, upande wa Olympic, na wateja wangu wakubwa ni makanisa. Kanisa likitaka mhubiri asikike mpaka mtaa wa Ayany, naitwa mimi.

Najisifu? Ndiyo, na bado sijaanza.

Sasa kuna dada anaitwa Nekesa, anapiga picha za harusi na mazishi huko Kawangware. Babake ni mhunzi. Ana kibanda cha mabati, moto wa makaa, na kipande cha reli anachofulia majembe na mashoka. Bega limemkataa, kwa hivyo aliamua kufunga kazi arudi ushago, kijijini kwao.

Nekesa alitaka picha moja tu ya babake: nyundo ikigusa chuma chenye moto, cheche zikiruka. Kubonyeza kamera kwa kidole alikuwa amejaribu akachoka. Kila picha, nyundo iko hewani au cheche zimeshazima.

Alikuja kwangu karibu alie. Mzee alikuwa amebakisha jembe moja la kumpelekea mkewe nyumbani. Hilo likiisha, moto unazimwa na mtu aliyeinunua reli anaibeba.

Nikamwambia hayo ni mambo ya sauti, na sauti ni mimi.

Mpango ulikuwa hivi. Nyundo ikigonga, mic inasikia. Lakini umeme unaotoka kwa mic ni kidogo mno, hauwezi kuamsha chochote, ndiyo maana unaunda preamp ya kuukuza. Ukishakua, unawasha flash. Kamera yenyewe ni nzito kuamka, kwa hivyo tungeiacha wazi gizani, flash ndiyo ichague wakati.

Nikatoa mic kwenye earphone mbovu, nikaipa resistor ya kuilisha, nikaweka op-amp ya kawaida, kile kichipu cha kukuza umeme, na betri ya volti tisa. Stima ya mtaa sikuigusa, ile huja na mngurumo wake.

Pale mezani kwangu nikipiga makofi, flash pap! Nilitabasamu peke yangu kama mtu ameshinda beti.

Siku ya jembe ikafika. Tukafunga mlango, tukaziba mianya ya mabati kwa magunia. Mzee akatoa chuma kwenye moto, chekundu kabisa.

Hata hajainua nyundo, flash ikawaka.

Alikuwa jirani anagonga sufuria. Ikawaka tena, safari hii ni kinu cha kusaga posho. Ikawaka tena, Nekesa amekohoa kwa moshi.

Mzee hakufoka. Alirudisha chuma kwenye makaa, akasema, "Kijana, hii jembe haitakungoja. Nikiichoma sana itaharibika."

Wakuu, jasho lilinitoka. Nikashika bisibisi nifungue preamp niongeze gain, yaani kiwango cha kukuza sauti, nikidhani labda mic haisikii nyundo vizuri. Mazoea yana taabu. Kanisani kila shida naitibu kwa kuongeza.

Nikaiweka bisibisi chini hapo hapo. Mic yangu ilikuwa inasikia Kawangware nzima! Na nyundo ya mzee ndiyo ilikuwa sauti kubwa kuliko zote mle ndani, haikuhitaji kusaidiwa na mtu.

Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze hii kazi. Nikapunguza.

Kibandani hakukuwa na stima, kwa hivyo ncha ya soldering, ile ya kuyeyusha risasi, niliipasha kwenye makaa ya mzee mwenyewe. Nikatoa resistor kubwa ya gain nikaweka ndogo. Nikaongeza capacitor ndogo pale mlangoni mwa preamp, ule mngurumo wa kinu ubaki nje. Mic nikaifunga kwa mpira kando ya reli.

Jirani akagonga sufuria, flash kimya. Kinu kikanguruma, kimya. Nekesa akakohoa makusudi, kimya.

Mzee akainua nyundo. Ikashuka.

Pap.

Tukainamia kamera. Nyundo imelala juu ya jembe, cheche zimesimama hewani kama mchele uliomwagika. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu namna ile, na siombi msamaha.

Mzee akaishika kamera, akaisogeza karibu na uso. Akasema, "Kumbe mimi hufunga macho."

Ni kweli. Macho yamefumba kabisa, kama mtu anayeomba. Hiyo nukta ni fupi mno, hakuna mtu aliyewahi kuiona, hata yeye mwenyewe.

Akabisha. Akagonga tena, akiyatoa macho kwa nguvu. Flash ikamshika tena, yamefumba. Nekesa akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikumuuliza.

Mzee akamalizia jembe lake bila kubishana tena.

Somo nililopata: preamp nzuri si ile inayosikia kila kitu. Siku hizi hata kanisani naanza kwa kupunguza, na waumini wananishukuru.

Jembe liko ushago, linalima. Picha iko ukutani kwangu, na kila mteja lazima asikie hii hadithi kabla ya kurudishiwa amplifaya yake.

Wanaojua op-amp kunishinda, nikosoeni hapa chini. Na nyinyi wengine niambieni: mkiwa kazini, mna hakika macho yenu huwa wazi?