Fyuzi Iliyoshangiliwa Magamba

Nilipanda milimani Magamba kwa sababu ya simu ya Mama Shekiondo. Kikundi chake cha akina mama hutengeneza juisi ya matunda ya plamsi, na mashine yao ya kujaza chupa ilikuwa imegoma siku ya pili. "Fundi, plamsi zikilala tena leo, kesho nawapa nguruwe," alisema.

Saa moja asubuhi niliondoka Korogwe. Kuanzia Mombo nilipanda kona baada ya kona, nikijigamba kimoyomoyo: kazi ya nusu saa tu.

Saa nne nilifika. Baridi ilinipokea kabla ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai kwanza."

Nilikunywa nikitazama matenga ya plamsi. Nyigu walikuwa wameshaanza kuzila.

Nikafungua boksi la umeme. Pawasaplai, kile kifaa cha kushusha umeme hadi volti ishirini na nne, inayolisha vihisio na vali zote, ilikuwa ikiwaka na kuzima. Mbele yake kulikuwa na swichi moja tu ya kinga, ya ampea ishirini.

"Hiyo haijawahi kukatika hata siku moja!" Mama alisema kwa fahari.

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, mama. Pawasaplai hii mwisho wake ampea tano. Ikizidiwa inajizima yenyewe, ishirini hazifiki, swichi haishtuki. Waya mmoja ukileta shoti, mashine nzima inalala."

Saa saba nilikuwa nimeugawa umeme wake katika laini nne, kila moja na fyuzi yake ndogo. Nikawasha. Tap! Fyuzi moja ikaungua. Nikashangilia peke yangu. Akina mama wakainamisha vichwa kama wako msibani.

"Umeiua!" Mama alisema.

"Haijafa. Sikilizeni."

Mashine ilikuwa inanguruma. Laini iliyokufa ilikuwa ya kihisio cha kuhesabu chupa tu. Waya wake ulibanwa na mguu wa mashine walipoisogeza wafagie. Nilipokuwa nikiubadili, wenyewe walihesabu chupa kwa Kishambaa, wakikosea na kucheka. Saa kumi na moja matenga yalikuwa matupu, na nilifurahi mno.

Wakati wa kuagana Mama aliishika ile fyuzi iliyoungua. "Huyu kafa, plamsi zimepona. Niachie wenzake watatu wa kufa."

Nilimwachia sita.

Nimejifunza kuiogopa kinga isiyokatika. Nilipofika Korogwe nilikwenda moja kwa moja karakanani kwangu, nikafungua boksi la mashine yangu mwenyewe. Swichi ya ampea ishirini, pawasaplai ya tano. Miaka yote nimekuwa nikiwaonyesha wateja kwa fahari jinsi swichi hiyo isivyokatika.