Siku Alizozinywa Mume Wangu

Mpaka leo sijui kama siku ile Kibiti tulidhulumiwa au tulisamehewa. Nimewauliza wenye elimu ya dini, nimewauliza na wenye kujua mambo ya serikali. Kila mmoja alinijibu lake, nami nikarudi nyumbani na kichwa kizito kuliko nilivyoondoka nacho. Sasa nimechoka kuuliza. Naandika tu, kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, na anayetaka kunicheka na anicheke.

Mume wangu alikuwa akibandua magome ya mikoko kwetu Mbuchi, pale mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Magome yalipelekwa Ulaya kutengenezea ngozi, tuliambiwa. Tulikuwa tumeoana mwaka uleule, udongo wa ukuta wa nyumba yetu haujakauka vizuri, na tayari Wajerumani walishaihesabu na kuitaka kodi yake. Asiyelipa alipelekwa kulima pamba kwenye shamba la jumbe, au alitwikwa mizigo ya askari akaenda nayo asikokujua. Mume wangu hakutaka pamba wala mizigo. Alitaka ujira wake, alipe kodi, alale kwake. Ndiyo maana akaenda kwenye magome.

Alipoanza kazi alipewa kipande. Kilikuwa kadi ngumu yenye visanduku thelathini vilivyopigwa chapa, na juu yake jina lake. Kila siku aliyofanya kazi, msimamizi alitia alama katika kisanduku kimoja. Vikijaa vyote thelathini, mtu hulipwa. Akida, aliyewekwa na Wajerumani juu ya majumbe wetu, alikuja kutusomea tangazo la boma, akasema kwa sauti ya juu kwamba hiyo ni sheria, kwamba mwenye kipande kilichojaa hawezi kunyimwa haki yake na yeyote, awe Mwarabu, Mhindi au Mzungu. Tulifurahi. Hakuna aliyemuuliza siku ni kitu gani.

Maana mikoko hufanyiwa kazi maji yakipwa. Maji yakijaa, mtu hupanda juu ya mizizi, akakaa na shoka mapajani mpaka yatoke. Kwa wabandua magome, siku ilikuwa ni maji kupwa mpaka maji kujaa. Kwa msimamizi, siku ilikuwa ni jua kuchomoza mpaka jua kuzama, na mtu aliyekaa juu ya mizizi hakuwa kazini.

"Leo umefanya nusu," alimwambia mume wangu.

"Na jana?"

"Jana nayo nusu."

"Basi hizo ni moja, bwana."

"Nusu haina kisanduku," akasema, akafunika kidau chake cha wino.

Mume wangu alirudi akanieleza, nami nikamwambia aulize tena, labda hakusikia vizuri. Akaenda akauliza tena. Akajibiwa vilevile. Sikuelewa. Nusu mbili za muhogo ni muhogo mzima, hata mtoto anajua. Nilikasirika mpaka nikauunguza wali, halafu nikamkasirikia yeye kwa kuula bila kusema neno. Ikapita karibu miezi miwili, akitiwa alama siku zile tu maji yasipojaa sana, na bado visanduku viwili vilikuwa vitupu.

Ndipo vita vikaja. Kwanza vilikuja kama maneno tu, kwamba watu wa milimani, Umatumbi, wameng'oa pamba. Kisha msimamizi akaifunga kambi ghafla. Aliwaambia watu warudi hali ikitulia, kila mmoja amalizie siku zake alipwe, kisha akapanda mashua pamoja na vitu vyake akaondoka. Mume wangu alirudi nyumbani na kipande chenye alama ishirini na nane. Alikiweka kwenye kasha langu la nguo, chini kabisa, akaenda kupalilia mpunga.

Siku ya tatu akaja mjomba wangu kutoka milimani, maana mama yangu alikuwa mtu wa huko. Alikuja na kibuyu kidogo cha maji shingoni. Alisema maji yale yametoka Ngarambe, na atakayeyapokea, risasi ya Mzungu itageuka maji mwilini mwake. Alimtaka mume wangu ayanywe, wafuatane.

"Miye nimebakiza siku mbili tu, mjomba," mume wangu akamwambia. "Nikiondoka sasa, nani atazimaliza?"

"Siku mbili za Mzungu!" Mjomba akacheka kwa uchungu. "Hao wenyewe hawatakuwapo."

"Wasipokuwapo nitakuja huko. Wakiwapo nitalipwa."

Kila mmoja nilipomsikiliza, nilimwona ana haki. Mjomba alipokuwa akisema, nilikubali kwa moyo wote. Mume wangu alipojibu, nilikubali vilevile. Mjomba aliondoka peke yake asubuhi iliyofuata. Kabla hajaondoka alinivuta kando nyuma ya jiko, akanimiminia maji kidogo kwenye kichupa cha marashi. Akasema, "Huyo mumeo ana kichwa kigumu, mwanangu. Mlinde weye." Sikumwona tena.

Sasa niseme nilichofanya, na nisijitetee.

Kwetu mtu akiwa mgonjwa, au akiwa na jambo zito, huandikiwa kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, halafu maandishi huoshwa kwa maji, na mtu akayanywa. Maneno huingia mwilini na kukaa humo. Nimenyweshwa kombe tangu sijaota meno, na sijawahi kuona ajabu yoyote ndani yake.

Mimi nilikusudia kunyunyiza tu. Niliwaza kwamba kama maji haya yanaweza kugeuza risasi, hayawezi kushindwa kuulainisha moyo wa msimamizi mmoja. Nilikitoa kipande kwenye kasha, nikakiweka katika sahani yangu ya kombe ili lisipotee hata tone, nikayamimina. Nilikuwa nimesahau wino. Wino wa boma ulikuwa umekwisha hata kabla mume wangu hajaanza kazi, na msimamizi alikuwa akiandikia masizi yaliyokorogwa na gundi, kama tulivyoandikia sisi chuoni kwenye mbao ili tuweze kufuta. Alama zilianza kutambaa. Nikakinyanyua kipande upesi, nikakifuta kwa upindo wa kanga, na huko kufuta ndiko kukamaliza kazi. Siku ishirini na nane zikaondoka. Likaondoka na jina. Visanduku vilivyopigwa chapa vilibaki palepale, safi, na ndani ya sahani mlikuwa na maji meusi.

Nilikaa chini. Nilichojua ni kwamba kilicho katika sahani ile ni jasho la mume wangu, nami siwezi kulimwaga uani kuku wakalikanyaga. Mtu mwingine angefanyaje, sijui. Kwangu maandishi yaliyooshwa yana njia moja tu.

Aliporudi kutoka kwenye mpunga na kiu yake nilimpa bakuli.

"Nini hii?"

"Kombe."

"La nini?"

"La riziki."

Akanywa yote, akajifuta mdomo. "Lina ladha ya sufuria iliyoungua," akasema, akaniuliza kama mwalimu siku hizi anaandikia makaa. Nikacheka naye. Namna gani niliweza kucheka, sijui.

Nilikusudia kumwambia kesho yake. Kesho ikawa kesho nyingine, na huku habari zikizidi kuwa mbaya. Watu waliokunywa maji walikuwa wakianguka kwa risasi kama walioyakataa. Kisha askari wakaingia kwetu. Waliwakusanya wanaume wote wakauliza swali moja tu: ulikuwa wapi vita vilipoanza? Asiyekuwa na jibu alihesabiwa kuwa mwasi. Mwenye kipande chenye alama aliachwa, kwa kuwa alama zilionyesha alikuwa kazini.

Mume wangu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alitembea mbele ya askari mpaka nyumbani kwetu, akaliinamia kasha, akapapasa chini ya nguo zangu, akakitoa kipande na kukiinua juu. Halafu akakiona. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akanitazama mimi, na nilijua amekumbuka ile ladha, kwa sababu alimeza mate.

Walimfunga wakampeleka Kibiti pamoja na wengine. Nilifuata nyuma kwa miguu, kipande nimekifungia kwenye pindo la kanga.

Shauri lilisikilizwa barazani. Mzungu alikaa mezani, amechoka, na akida alisimama kando yake akigeuza maneno ya Kijerumani kuwa Kiswahili, na yetu kuwa Kijerumani. Msimamizi wetu naye alikuwapo, amerudi na kofia mpya. Nilipomwona moyo ulitulia. Nilisema moyoni, huyu anamjua, atasema, tutakwenda zetu. Akida akamuuliza, "Mtu huyu alikuwa akifanya kazi kwako?" Msimamizi akamtazama mume wangu usoni, mtu aliyembandulia magome miezi miwili.

"Simjui," akasema.

Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba akimjua, itabidi amlipe. Mume wangu alijaribu kusema, askari akamsukuma. Mzungu akanyoosha mkono, mimi nikampa kipande. Akakitazama, akauliza kitu, na akida akanigeukia.

"Bwana anauliza, siku zake ziko wapi?"

"Amezinywa," nikasema.

Akida hakugeuza neno lile upesi. Alikuwa mtu wa pwani, kanzu yake inanukia udi, na niliona amenielewa vizuri kabisa. Aliuliza taratibu, "Kwa maji gani, binti?"

Nikajua maisha ya mume wangu yako hapo. "Ya mtungini kwetu, bwana akida. Kombe la riziki. Mwenyewe hakujua kitu, miye ndiye niliyempa."

Alizungumza na Mzungu kwa muda mrefu, na alichomwambia sikukijua siku ile na sikijui leo. Kisha alimwita msimamizi kando, wakanong'ona. Kisha akanijia mimi.

"Sikiliza," akasema. "Msimamizi atasema mumeo alikuwa kazini. Lakini mumeo naye atasema ameshalipwa. Ataweka kidole gumba, yamekwisha."

"Lakini hajalipwa, bwana."

"Najua."

"Na tangazo ulilotusomea? Mwenye haki yake hawezi kunyimwa."

"Tangazo lipo vilevile," akasema. "Unamtaka yeye au unautaka ujira?"

Nilimtaka yeye, nani asingemtaka? Ila sikuelewa kwa nini vilikuwa vitu viwili. Kama alikuwa kazini, ana ujira. Kama hana ujira, hakuwa kazini. Nilitaka kumweleza akida hivyo, lakini mume wangu alikwisha sogezwa mezani, kidole chake kinapakwa wino. Wino huo ulikuwa wa boma, haukuwa wa masizi. Msimamizi alisema, "Ndiyo, nimemkumbuka, alikuwa kwangu siku zote." Alisema bila haya. Kamba zikafunguliwa, nami nikarudishiwa kipande.

Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu Mzungu alipouliza neno moja zaidi. Akida aliinamisha kichwa kabla hajaligeuza.

"Bwana anasema, aliyelipwa hana udhuru wa kodi. Iko wapi kodi?"

Haikuwapo. Ingetoka wapi? Palepale wakamtwika sanduku la askari wanaokwenda milimani. Hakukuwa na ugomvi wala kelele, ilikuwa kama mtu anayehamisha kiti. Nilimkimbilia nikashika mkono wake. Nilitaka kumwomba radhi nikashindwa kuanza, na alikuwa na muda mdogo.

"Zilikuwa ishirini na nane," akaniambia. "Usisahau."

"Na zile nusu," nikasema.

Akacheka. Sanduku likatikisika kichwani, askari akamfokea, wakaondoka. Wapagazi wachache walirudi kutoka milimani baada ya ile njaa ya vita. Yeye hakurudi. Mmoja aliniambia alimwona mara ya mwisho amekaa chini kando ya njia, anakataa kunyanyuka, anagombana na askari kuhusu siku.

Vita vilipokwisha kambi ya magome ilifunguliwa tena, na ikapita habari kwamba wanaodai ujira wa zamani waje na vipande vyao, hata wajane. Nilikwenda. Palikuwa na karani mgeni, kijana mpole, wala sina la kumlaumu. Alifungua karatasi zake akatafuta jina.

"Huyu alishalipwa, mama. Kidole chake hiki hapa."

Kisha akakitazama kipande, akakigeuza pande zote mbili.

"Na hiki hakijatumika bado."

Nilimuuliza mtu hulipwaje kwa kipande ambacho hakijatumika. Alifikiri, haki ya Mungu alifikiri, uso ukamkunjamana kama wangu. Nikamwambia ni siku ishirini na nane, na nusu nyingi ambazo hazina kisanduku. Akaniuliza zimeandikwa wapi. Jibu langu nilikwisha lisema mara moja, na nililiona lilikotufikisha.

Nyuma yangu kwenye mstari alikuwapo mwanamume mgeni, mwembamba kwa njaa, anayetaka kazi, na vipande vipya vilikuwa vimeadimika. Karani akaniomba kwa adabu ruhusa ya kumpa kile changu. Nikaitikia kwa kichwa. Alichovya kalamu, akamuuliza yule mtu jina lake, akaliandika juu, pale lilipokuwa jina la mume wangu.

Nilingoja wino ukauke. Kisha nikamwambia yule mtu asikiloweshe.