Kitenge cha Mama Kwenye Kochi la Watu

Kwa kuwa ile video imeshafika Louisville na Buffalo kabla sijamaliza hata kuona aibu, afadhali niwasimulie mwenyewe, wanakwaya wenzangu mliotawanyika, msije mkaisikia kwa Mama Furaha (tunakaa naye jengo moja hapa Whitehall, Marekani, kazini meza yake inafuata yangu, na ndiye aliyerekodi), maana yule akisimulia huongeza chumvi. Ndiyo, yule mwanamke wa suruali ya kulalia yenye picha za paka ni mimi. Chekeni kwanza, nangoja.

Chanzo ni hamu tu. Mnajua mama yangu alibaki nyumbani Uvira, karatasi zake za kuja huku hazitoki, kila tukiuliza tunaambiwa tusubiri. Tulipokuwa tunaondoka alinunua kitenge cha manjano chenye ndege, akakikata vipande viwili, kimoja changu kimoja chake, akasema siku tutakayokutana tutavaa sare. Changu nakiweka sandukuni, sikivai. Sasa asubuhi ile akanipigia akiwa njiani kwenda ibadani, amevaa chake, na nikaona amekonda mno, kitenge kinamzunguka karibu mara mbili. Tukaagana, nikabaki nimeshika simu, natamani hata kunusa shingo yake. Suruali yangu ya kazi haikuwa imekauka, basi nikavuta ya kulalia ya binti yangu, ile ya paka, nikafunga kitenge juu yake, nikajiambia leo tunavaa pamoja, yeye kule mimi huku, nani atajua.

Kazi yangu kiwandani ni kupiga pini kitambaa cha chini ya makochi kwa stepla ya upepo, ile yenye mpira mrefu unaotoka kwenye kompresa. Sheria tumefundishwa wote: nguo inayoning'inia hairuhusiwi, na pini ikikwama unachomoa mpira wa upepo kwanza ndipo uguse kitu kingine. Kitenge nilikificha kwa aproni (ujanja wangu huo). Pini ikakwama. Mawazo yangu yalikuwa Uvira, kwenye mabega ya mama, nikaegemea kochi, kidole bado kwenye kifyatulio, nikaitikisa ile stepla kama mtu anayetikisa chupa ya dawa, nayo ikaamka: ta-ta-ta-ta. Kuangalia chini, kitenge kimepigwa pini kwenye ubao wa kochi, pembeni kabisa mwa paja langu.

Nikasema asante Yesu si mguu, na hapo ndipo ningemwita mtu, lakini nikaona haya, nikaanza kukivuta kimya kimya, na Mama Furaha, akidhani nimemaliza, akalivuta kochi upande wake. Makochi yetu hukaa juu ya meza za magurudumu. Basi nikaenda nalo, natembea kwa ubavu kama kaa, natabasamu, napita mbele ya watu wote, mpaka mtu akapiga kelele mashine zikazimwa.

Supavaiza, Mmarekani mmoja mpole wa makamo, akaja na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa aniokoe. Watu wakasogea. Kiingereza changu chote kikanikimbia, nikamgeukia Mama Furaha.

"Mwambie asikate. Ni ya mama yangu."

"Mama Grâce, donc utabakia hapa na kochi mpaka kesho? Wacha akate, tutashona."

Mkasi ulikuwa umeshagusa pindo. Jamani, nikavua aproni, nikafungua fundo. Nikatoka ndani ya kitenge, nikasimama mbele ya zamu nzima na paka wangu, ili kisikatwe.

Supavaiza akashusha mkasi. Akatazama paka, akatazama kitenge, kisha akachomoa mpira wa upepo, akautundika, akanipa koleo, akaniambia polepole kwamba pini ingesogea kidogo tu, saa hizi tungekuwa hospitali. Nikang'oa pini moja moja huku nalia. Kwenye video mnasema analia aibu. Si aibu, nilikuwa namlilia mama.

Jioni nikampigia, nikamwonyesha matundu, nikingoja kugombezwa. Yeye akasema:

"Usilie, mama. Na mimi nitatoboa yangu, siku tutaonana bifanane."

Nikadhani ananibembeleza tu. Kumbe ameshika sindano, ananiambia nisogeze simu karibu aone kila tundu liko wapi.

Siku hizi nachomoa mpira wa upepo hata pini haijakwama, Mama Furaha ananicheka mpaka amechoka. Kitenge kimerudi sandukuni, na sikivai tena, si kazini si kanisani, mpaka siku nitakayosimama uwanja wa ndege kule upande wa Gahanna, nimwone mama anatoka mlangoni na chake chenye matundu.