Dakika Zilizorushwa Buhongwa

Kwa miaka kadhaa, mtu yeyote wa Mwanza aliyefuatilia video angekuambia kwamba ile filamu ya nyumba ya milimani, iliyotengenezwa kutokana na gemu, ndiyo mbovu kuliko zote zilizowahi kuletwa mjini. Wengi waliosema hivyo hawakuwa wameiona. Walikuwa wamenisoma mimi.

Niliandikia gazeti dogo la kila wiki, mojawapo ya yale yaliyochipuka baada ya watu binafsi kuruhusiwa kuchapisha. Tulikuwa wanne katika chumba kimoja, na taipureta mbili. Nilipewa mahakama, bei ya samaki, na ukurasa wa saba, yaani burudani. Mhariri aliamini kwamba burudani haihitaji muda. Mimi nilijivunia kuiandika kama nilivyoandika kesi: nani, wapi, saa ngapi, nini kilisemwa. Daftari langu lilikuwa na mistari niliyoichora kwa rula.

Gemu lenyewe nililijua kabla ya filamu. Lilikuwa kwenye duka moja katikati ya mji, lenye televisheni tatu na viti vya plastiki, ambako vijana walicheza kwa zamu. Mtu anaingia katika nyumba ya wageni iliyoachwa milimani kumtafuta mdogo wake. Ana tochi tu. Ndani ya nyumba kuna kitu kinachojua kuigiza sauti za watu. Unasikia mdogo wako anakuita nyuma ya mlango, na ni juu yako kuamua kama ni yeye. Nililicheza mara moja, kwa ajili ya habari, huku vijana watano wakinielekeza kwa kelele. Nilitoka viganja vimelowa jasho.

Kwa hiyo habari zilipoenea kwamba filamu ya gemu hilo imefika Buhongwa, nilijua nitakwenda.

Banda la video la Buhongwa lilikuwa kando ya barabara ya Shinyanga: matofali ya udongo, bati, mabenchi ya mbao, na vitambaa vyeusi madirishani. Mwenye banda alikuwa mama aliyeanza kwa kukaanga mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Bado aliyakaanga pale mlangoni, na ndani yote ilinuka samaki. Yeye ndiye aliyeshika rimoti. Na ndiye aliyeweka utaratibu ambao mabanda yote ya Mwanza yaliufuata kwa namna moja au nyingine: watu wakiongea sana kwenye filamu, au wakikumbatiana, au wakikaa wanawaza, inarushwa. Watazamaji wanapiga kelele, “Peleka!” na mama anapeleka mbele mpaka mtu apigwe.

Pembeni ya televisheni alikaa mkalimani, na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mtu wa Nansio, zamani karani wa kiwanda, aliyepunguzwa kazi pamoja na wengine wengi katika miaka ile. Kiingereza alikijua vizuri kuliko sisi wote pale gazetini. Alitafsiri papo hapo, sauti zote yeye: askari, mwizi, bibi, mtoto. Sehemu ikirushwa alikuwa na maneno yake ya kawaida: “Hapa wanaongea mambo ya kwao, tutakutana mbele.” Watu wakacheka.

Filamu ile ilimbadilisha. Mama aliniambia mwenyewe, akigeuza mapanki kwenye mafuta, kwamba kwa wiki mbili mkalimani alikuwa akija asubuhi, banda likiwa tupu, kuiangalia kaseti na kuandika kwenye daftari.

“Anataka nisiirushe hata kidogo,” mama alisema. “Nimemwambia sawa, Jumamosi moja. Lakini wakitoka nje, mwanangu, namleta yule kijana wa mjini anayechekesha. Hapa ni biashara.”

Mkalimani alikuwa amesikia. “Hawatatoka,” akasema. “Kama wataisikia tangu mwanzo, hawatatoka.”

Jumamosi hiyo banda lilijaa. Nusu yao walikuwa vijana wa duka la gemu, waliotoka mjini kuja kuiona nyumba wanayoijua. Filamu ikaanza, na nyumba haikuonekana. Kulikuwa na msichana katika chumba cha mdogo wake aliyepotea, anakunja nguo zake. Katikati ya kukunja nguo tunarudishwa nyuma, tunamwona mdogo wake akiwa hai: anachelewa kurudi, amesahau ufunguo, anagonga. Mkalimani alimpa sauti nyembamba yenye kicheko kidogo mwishoni, kama mtu anayejua kwamba atasamehewa. “Dada, fungua. Nimesahau tena.” Alipomaliza hakuongeza neno. Akanyamaza, na msichana kwenye televisheni akaendelea kukunja.

“Mbona mzee kanyamaza?” mtu akauliza.

“Hajui Kiingereza cha hapo.”

“Huyu dada anapaki nguo mpaka lini? Anahamia Shinyanga?”

“Mwambieni abebe na godoro!”

“Subirini, jamani,” mkalimani akasema kwenye kipaza sauti. “Hiyo sauti mtaihitaji.”

“Sisi tumekuja kuona jini, hatukuja kufua. Peleka, mama!”

“Peleka! Peleka!”

Wawili wakasimama. Mama akawatazama, akamtazama mkalimani, akabonyeza. Msichana akakimbia kwa mwendo wa kuchekesha, akapanda basi, akashuka, akaongea na watu, akalia. Mkalimani alikaa kimya. Hakusema kwamba tutakutana mbele. Ilipofika nyumbani kwa jini mama akaachia, vijana wakapiga makofi, halafu baada ya dakika chache kelele zikaanza upya, na rimoti ikafanya kazi tena. Sauti ilipoita nyuma ya mlango, mtu mmoja akauliza, “Huyu nani tena?” Hakuna aliyejua. Mwishoni jini likaonekana, la mpira, na mshono mgongoni. Banda zima likaangua kicheko.

Nilitoka na kuandika kama kawaida yangu: kuanza saa tisa na dakika kumi, kwisha saa kumi kamili. Nikaangalia ganda la kaseti. Liliandikwa dakika mia moja. Niliandika na hilo.

Jumatatu mkalimani alipanda ngazi hadi ofisini kwetu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakataa kiti.

“Dada, usiiandike bado.”

“Kurasa zinafungwa kesho jioni.”

“Kesho asubuhi mama ananiachia banda mpaka saa sita. Njoo tuiangalie yote. Nitakutafsiria wewe peke yako.”

“Kesho asubuhi nina mahakama.”

Ilikuwa kweli, kesi ya ng'ombe wa wizi, ambayo iliahirishwa kwa mara ya nne, kama nilivyojua itaahirishwa. Mkalimani aliitazama taipureta yangu.

“Basi andika ulichokiona,” akasema. “Na uandike na ambacho hukukiona.”

Nusu ya kwanza ya agizo hilo niliitimiza vizuri sana. Niliandika kwamba hadithi haina kichwa wala miguu. Niliandika kwamba ndugu anayetafutwa hatumjui, hivyo hata akipotea hatujali. Kwamba msichana analia bila sababu. Kwamba jini limeshonwa na fundi wa viti. Sentensi hiyo ya fundi wa viti ilimfurahisha sana mhariri. Na kwa kuwa nafasi ilibaki, nikaongeza mstari wa mwisho: “Hata mkalimani alikosa la kusema.” Kuhusu dakika hamsini zilizokosekana sikuandika kitu. Nilijiambia kwamba kila mtu anajua filamu hurushwa, kwamba ni jambo la kawaida, kwamba si habari. Ukweli ni kwamba zingeiharibu makala yangu. Makala ilikuwa inachekesha.

Ukurasa wa saba ulikatwa na kubandikwa kwenye mlango wa duka la gemu, halafu kwenye mlango wa banda la Buhongwa. Watu wakaanza kumwita mkalimani Bubu. Nilipofika pale wiki tatu baadaye, kwenye kipaza sauti alikuwa kijana wa mjini, anawafanya majambazi wa Kichina wagombee mapanki. Watu walikuwa hoi kwa kicheko.

“Sikumfukuza,” mama aliniambia kabla sijauliza. “Watu walikuwa wanafika mlangoni wananiuliza, leo Bubu yupo? Nikisema ndiyo mtu anaondoka. Sasa ningefanyaje? Si wewe uliyeandika?”

Alisema bila hasira. Alinifungia mapanki mawili kwenye gazeti, si letu. Mkalimani alikuwa amepanda meli kurudi Nansio.

Kaseti ile sikuiona tena. Gazeti letu lilikufa, nikaenda kwingine, na ikapita kama miaka kumi kabla sijaikuta filamu hiyo kwenye diski, sokoni, katikati ya rundo. Niliiangalia nyumbani Ilemela, Jumapili mchana, mlango wazi, bila kuirusha.

Sitaki kuitendea wema usiostahili kwa sababu nina hatia. Filamu ina makosa. Jini kweli ni la mpira, na kosa ni kulionyesha kabisa, maana kitu kinachoigiza sauti hakihitaji mwili. Robo ya mwisho anatokea profesa anayeeleza kila kitu, na akimaliza kueleza hakuna kinachotisha tena. Halafu nyumba inalipuka, kwa nini sijui. Vijana wa gemu nao walikuwa na haki katika jambo moja: kwenye gemu, mkono unaofungua mlango ni wako. Hofu hiyo hakuna filamu inayoweza kuichukua. Unamtazama mwingine akifungua.

Lakini waliotengeneza filamu walilijua hilo, na nusu ya kwanza ndiyo jibu lao. Kama huwezi kuufungua mlango mwenyewe, basi angalau umjue anayegonga. Ndiyo maana nguo zinakunjwa muda mrefu vile. Ndiyo maana kijana yule anagonga mara nne katika kumbukumbu za dada yake, kila mara na kisingizio kipya, mpaka na wewe unaanza kumsamehe. Hivyo sauti inapoita ndani ya nyumba ya milimani, unataka afungue. Unajua asifungue, na unataka afungue. Niliinuka kwenye kiti changu, saa nane mchana, jua likiwaka juu ya mawe ya Ilemela.

Filamu hiyo haistahili kuitwa mbovu. Ni nusu nzuri na nusu mbaya, na sisi tuliichambua ile mbaya peke yake. Nilipoelewa hivyo nilielewa pia kile mkalimani alichokuwa akikifanya. Ile sauti nyembamba yenye kicheko hakuibuni ili kufurahisha watu. Yeye ndiye aliyekuwa sauti zote pale bandani, ya kijana na ya jini. Angeweza kufanya kitu ambacho hata filamu yenyewe haikukifanya, na hakuna aliyemwachia afike huko.

Mwaka uliofuata nilitumwa Nansio kwa habari ya nyavu haramu. Katika duka la vifaa vya uvuvi karibu na gati, nyuma ya marobota ya kamba na maboya, alikuwa yeye. Nywele zilikuwa nyeupe. Tulisalimiana. Alinitambua mara moja, akaendelea kukunja kamba.

“Nimeiangalia,” nikasema. “Yote.”

“Ahaa. Na mwisho wake?”

“Mbaya.”

“Mbaya kweli. Yule profesa alinisumbua. Nilikuwa nimepanga kumtafsiri kwa kifupi.” Akacheka kidogo. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei: “Siku ile ulijua kwamba imekatwa nusu?”

“Nilijua. Nilikuwa nimeandika saa.”

Aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno mengi, nimeyapanga melini tangu Mwanza, lakini yeye alikwishahamia kwenye kamba nyingine. Nikaomba radhi kwa maneno machache. Akasema imepita. Haikuonekana kama imepita.

Nikamwuliza pale penye mlango angepafanyaje.

Nilidhani atakataa. Akaweka kamba chini. Akasema kwanza angeirudia sauti ile ile, na akaitoa palepale, nyembamba, na kicheko chake mwishoni: “Dada, fungua. Nimesahau tena.” Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko ambavyo mtu hunyamaza dukani. Mvuvi aliyeingia kununua kamba akasimama mlangoni, akatutazama sisi wawili. Mkalimani akaita tena, sauti ile ile, neno kwa neno, ila safari hii kicheko kilikuja mapema, kabla ya maneno kwisha, kama mtu aliyekariri kicheko bila kujua kinakaa wapi.

“Dada, fungua.”

Mvuvi hakusogea. “Halafu?” akauliza. “Alifungua?”

Mkalimani aliokota kamba yake.

“Nikukatie mita ngapi?” akasema.